Alama 3 ya viini katika majibu ya saratani ya titi ina maana gani?

Swali: Mwalimu wa sekondari wilayani Kongwa ameandika kuhusu dada yake mkubwa, mwenye umri wa miaka 52, aliyetolewa kinyama kwa sindano nene kutoka kwenye uvimbe wa titi la kushoto. Ultrasaundi ilionyesha kuwa uvimbe una sentimita 3. Majibu ya maabara yanasema ni saratani ya titi inayopenya tishu, daraja la 2, na chini yake pameandikwa: mirija 3, viini 3, mitosisi 1, jumla 7. Bado hajafanyiwa upasuaji. Mwalimu anauliza mambo matatu. Je, hiyo 3 ya viini ina maana kwamba dada amefika hatua ya tatu? Je, viini hupimwa kwa kipimo halisi au daktari hukadiria kwa macho? Na je, wadai slaidi, yaani vioo vilivyobandikwa vipande vyembamba vya kinyama, zisomwe upya kwa kompyuta kabla ya matibabu, kwa kuwa mtoto wa kaka yake anayesoma kompyuta chuo kikuu hapa Dodoma amemwambia ipo programu inayopima viini na kupatia kwa asilimia 97?

Jibu:

Mwalimu, pole sana kwa kuuguza. Nianze na lile linalowanyima usingizi: hapana, alama 3 ya viini si hatua ya tatu, na wala haiwezi kutumiwa kukisia hatua. Hatua hueleza ugonjwa umeenea kiasi gani mwilini, yaani uvimbe una ukubwa gani, kama umefika kwenye tezi za kwapani, na kama umevuka kwenda kwenye mifupa, ini, mapafu au ubongo. Daraja hueleza jambo jingine kabisa, nalo ni sura na mwenendo wa seli zenyewe: zimeacha kufanana na seli za kawaida za titi kwa kiasi gani, na zinagawanyika kwa kasi gani. Nimesoma slaidi za wanawake wenye uvimbe mdogo wa hatua ya kwanza ambao daraja lake lilikuwa la 3, na nimesoma za wengine wenye daraja la 1 ambao walikaa na uvimbe miaka mingi hadi ukatoboa ngozi. Hatua ya dada yako itajulikana kwa kumpima yeye mwenyewe, kwapa lake na picha za mwili wake. Haimo kwenye kile kinyama chembamba kilichopita chini ya hadubini.

Hizo alama tatu zina historia ndefu. Bloom na Richardson walichapisha mwaka 1957 nchini Uingereza utaratibu wa kuipa saratani ya titi alama kwa mambo matatu, kisha Elston na Ellis wa Nottingham wakaunyoosha mwaka 1991 kwa kuweka mipaka inayopimika zaidi, na huo wa Nottingham ndio unaotumika sehemu kubwa ya dunia, na hapa kwetu pia. Jambo la kwanza ni mirija: kama zaidi ya asilimia 75 ya uvimbe bado inajenga mirija kama titi la kawaida linavyojenga, alama ni 1, kama ni kati ya asilimia 10 na 75, alama ni 2, chini ya asilimia 10, alama ni 3. La pili ni viini. La tatu ni mitosisi, yaani seli zilizokutwa katikati ya kugawanyika, ambazo huhesabiwa katika maeneo 10 ya hadubini kwa ukuzaji mkubwa, na mipaka ya alama zake hubadilika kulingana na upana wa eneo ambalo hadubini husika inaonyesha. Alama zikijumlishwa, 3 hadi 5 ni daraja la 1, 6 na 7 ni daraja la 2, 8 na 9 ni daraja la 3.

Sasa tuje kwenye viini, maana ndivyo ulivyouliza. Kiini ndimo zilimo kromosomu za seli. Seli ya saratani mara nyingi ina kromosomu zilizozidi, zilizopungua au zilizovunjika na kuungana vibaya, na kazi ya kusoma jeni ndani yake huenda mbio kuliko kawaida. Mambo hayo huonekana kwa umbo: kiini hutanuka, ukingo wake hupoteza ulaini na kupata mikunjo na vibonyeo, kromatini, yaani nyuzi zinazounda kromosomu, hujikusanya kwa mabonge badala ya kutandaa sawasawa, na nukleoli, kile kidoa cheusi kilicho ndani ya kiini, huwa kikubwa na cha kuonekana wazi. La muhimu kuliko ukubwa peke yake ni kutofautiana. Katika uvimbe mkali, viini viwili vilivyo jirani havifanani, kimoja kinaweza kuwa mara mbili au tatu ya mwenzake, na hali hiyo inaonyesha kwamba seli zimeshapoteza udhibiti wa kugawana kromosomu zao kwa usawa.

Ninapoweka slaidi chini ya hadubini, kabla ya kutazama saratani yenyewe huwa natafuta kwenye slaidi hiyohiyo mrija wa titi ambao ugonjwa haujaufikia. Viini vyake ni vidogo, vina umbo la yai, vimepakwa rangi ya zambarau ya hematoksilini kwa usawa, na vinafanana. Hivyo ndivyo kipimo changu, kwa sababu vimepitia fomalini ileile ya kuhifadhia tishu, nta ileile na rangi ileile kama viini vya saratani vilivyo pembeni. Nisipopata mrija wa kawaida, natumia chembe nyekundu za damu, ambazo kipenyo chake ni takriban maikromita 7, na maikromita moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Kisha nahamia kwenye uvimbe, kwenye sehemu ambayo viini vyake ni vibaya zaidi. Vikiwa havijafika mara moja na nusu ya vile vya kawaida na vinafanana, natoa 1. Vikiwa kati ya mara moja na nusu na mara mbili, vimeanza kuwa na kromatini iliyofunguka na nukleoli inaonekana, natoa 2. Vikizidi mara mbili, vikawa na maumbo yasiyotabirika na nukleoli kubwa, natoa 3. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni kwamba kazi hiyo kwa kawaida hufanywa kwa jicho lililofundishwa, likilinganisha na kitu chenye ukubwa unaojulikana ndani ya slaidi hiyohiyo.

Sitakuficha kwamba hapa ndipo penye udhaifu. Kati ya zile alama tatu, ya viini ndiyo ambayo madaktari wa patholojia, yaani sisi tunaosoma tishu kwa hadubini, hupishana zaidi wanapopewa slaidi moja, hasa kwenye mpaka wa 2 na 3. Sababu mojawapo ni ya kihesabu, na wewe mwalimu utaiona mara moja. Chukua kiini chenye kipenyo cha maikromita 7 na kingine chenye 10. Kwa jicho, cha pili kimezidi kidogo tu. Lakini eneo la cha kwanza ni kama maikromita za mraba 38, na la cha pili ni zaidi kidogo ya 78, yaani mara mbili. Kikifika kipenyo cha 14, eneo ni 154, mara nne. Jicho huona upana kwa wepesi, eneo hulikadiria vibaya, na kutofautiana kwa viini mia moja kwa wakati mmoja hulikadiria vibaya zaidi.

Ndiyo maana tangu zamani wapo waliotaka viini vipimwe kwa namba. Njia ya mkono ni kuweka kwenye lenzi ya jicho kioo chenye mistari ya kupimia, kuisahihisha mistari hiyo kwa slaidi maalumu ambayo milimita moja imegawanywa sehemu mia, halafu kupima kiini kimoja baada ya kingine. Njia ya kompyuta ni kupiga picha, kuchora ukingo wa kila kiini, na kuiachia programu ihesabu kipenyo, eneo na mzingo. Ukizidisha eneo kwa pai mara nne na kugawanya kwa mzingo uliozidishwa kwa wenyewe, duara kamili hutoa 1, na kiini chenye vibonyeo hutoa pungufu. Namba hiyo moja inaeleza ulaini wa ukingo bila mtu kubishana na mwenzake. Baada ya kupima viini kama mia hivi unapata wastani wa eneo, na pia kipimo cha jinsi viini vinavyotawanyika kutoka kwenye wastani huo. Mimi kipimo hicho cha pili nakithamini kuliko cha kwanza, kwa sababu kutofautiana ndiko kunakotambulisha uvimbe mkali.

Hata hivyo, namba nazo zina mitego yake. Tishu hukatwa vipande vyembamba vya maikromita 3 hadi 5, wakati kiini chenyewe kina unene wa maikromita 7, 10 au zaidi. Chukua kichala cha zabibu za hapa Dodoma, zenye ukubwa uliolingana, ukikate kwa kisu kikali mara moja: zabibu zilizokatwa katikati zitaonyesha duara kubwa, zilizoguswa pembeni zitaonyesha duara dogo, ingawa zote zilikuwa sawa kabla ya kisu kupita. Viini kwenye slaidi ni hivyohivyo. Sehemu ya kutofautiana inayopimwa imeletwa na kisu, haikuletwa na ugonjwa, na anayepima asipolijua hilo ataupa uvimbe mpole sifa mbaya. Jicho lenye uzoefu huvipuuza vipande vya pembeni bila hata kufikiri. Programu haiwezi kufanya hivyo mpaka ielekezwe.

Programu anayoisema kijana wenu naifahamu, na nafurahi kwamba anasoma mambo haya. Inatokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, iliyofanywa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na daktari wa upasuaji William Wolberg pamoja na wanasayansi wa kompyuta Nick Street na Olvi Mangasarian. Walipima sifa 10 za kila kiini, zikiwemo nusu kipenyo, mzingo, eneo, ulaini wa ukingo na vibonyeo. Kwa kila sifa wakachukua wastani, kiasi cha kutofautiana, na wastani wa viini vitatu vilivyozidi vyote, ndipo wakapata namba 30 kwa kila mgonjwa. Takwimu zao za wagonjwa 569, ambao 357 kati yao walikuwa na uvimbe usio wa saratani na 212 walikuwa na saratani, ziliwekwa wazi, na ndizo ambazo wanafunzi wa kompyuta duniani kote hujifunzia. Naipenda ile hatua ya kuchukua viini vitatu vikubwa kuliko vyote, kwa sababu ndivyo nasi tunavyofanya: tunautathmini uvimbe kwa viini vyake vibaya zaidi.

Lakini angalia programu ile ilikuwa inajibu swali gani. Ilitazama seli zilizonyonywa kwa sindano nyembamba na kupakwa kwenye kioo, na ilijibu kama uvimbe ni saratani au si saratani. Ile asilimia 97 ni ya swali hilo. Dada yako swali hilo ameshajibiwa. Swali lililobaki kwake ni la ukali, na huko hesabu za viini hazijawahi kushinda kirahisi. Kule Amsterdam, Jan Baak na wenzake, ambao ni miongoni mwa waliosukuma sana upimaji wa namba katika patholojia, walipotafuta mchanganyiko wa vipimo unaotabiri vizuri zaidi mwenendo wa saratani ya titi, waliishia na ukubwa wa uvimbe, hali ya tezi na hesabu ya mitosisi. Eneo la kiini lilisaidia, ila mitosisi ilibeba uzito zaidi. Zaidi ya hayo, seli zilizonyonywa na kuachwa zikauke hewani hutandaa kwenye kioo na viini vyake huonekana vikubwa, ilhali zilizotumbukizwa kwenye alkoholi hunywea. Seli ya mgonjwa mmoja inaweza kutoa maeneo mawili tofauti kwa sababu ya namna fundi alivyoishughulikia slaidi. Programu iliyofundishwa kwa picha za maabara moja haitakiwi kuaminiwa kwa slaidi za maabara nyingine kabla ya kujaribiwa kwa slaidi hizo.

Naomba sasa uirudie karatasi ya dada yako na ufanye hesabu hii pamoja nami. Mirija 3, viini 3, mitosisi 1, jumla 7, daraja la 2. Tuseme kompyuta imepima na kuthibitisha kwamba viini vilistahili 2 badala ya 3. Jumla inakuwa 6, na 6 bado ni daraja la 2. Hakuna kilichobadilika katika matibabu yake. Sasa tuseme viini vibaki 3, lakini mitosisi ihesabiwe upya na ipate 2. Jumla inakuwa 8, na 8 ni daraja la 3. Kwa hiyo namba inayostahili kuangaliwa mara ya pili ni ile 1 ya mitosisi ambayo pengine mlipoiona mlishukuru, na mngeweza kuipita mkishindana na ile 3 ya viini.

Nasema hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, kinyama cha sindano ni kidogo, na inajulikana kwamba mitosisi huhesabiwa pungufu humo kuliko katika uvimbe mzima ukishatolewa, kwa kuwa seli nyingi zinazogawanyika huwa pembezoni mwa uvimbe ambako sindano inaweza isipite. Pili ni fomalini. Seli iliyokuwa inagawanyika inapokaa bila kuhifadhiwa, dalili za kugawanyika hufifia, na viini vyote hunywea au kupasuka. Utaratibu unataka tishu ya titi iingie kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa ndani ya saa moja tangu itolewe, ikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72, na fomalini iwe nyingi, angalau mara kumi ya ujazo wa tishu. Fomalini hupenya takriban milimita 1 kwa saa, hivyo titi zima lililotumbukizwa bila kupasuliwa linaendelea kuoza katikati huku nje limehifadhika vizuri.

Katika mikoa yetu hii ya kati, ambako vinyama husafiri kwa mabasi kutoka wilayani, jambo hili linanihuzunisha kuliko uhaba wowote wa mashine. Nimewahi kupokea titi lililosafiri usiku kucha kwenye ndoo ya plastiki ambayo fomalini ilifika robo tu. Upande uliolowa ulisomeka. Upande wa juu, rangi haikushika, viini vilikuwa kama madoa yaliyofutwa nusu, na sikuona mitosisi hata moja mahali ambapo, kwa sura ya uvimbe, zilitakiwa kuwa nyingi. Niliandika kwamba daraja halitolewi kwa sampuli ile, na nikampigia daktari aliyeituma. Mama yule alikuwa ameshapoteza titi lake, na ile ndiyo tishu pekee tuliyokuwa nayo. Kompyuta ingepima viini vile kwa usahihi wa nukta mbili za desimali, na jibu lingekuwa batili vilevile.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Msichelewe kuanza matibabu kwa kusubiri programu. Muulizeni daktari wa dada kama kinyama kimepimwa vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni pamoja na HER2, protini inayochochea seli kukua, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoamua kama atafaidika na vidonge vya kuzuia homoni kama tamoksifeni, au dawa inayolenga HER2, na katika kuchagua dawa vina uzito kuliko alama ya viini. Kama bado, viombeni leo. Baada ya upasuaji, daraja husomwa upya kwenye uvimbe mzima na huunganishwa na ukubwa na tezi. Hesabu nyingine ya Nottingham, ya kukadiria matarajio ya mgonjwa, huchukua ukubwa kwa sentimita mara 0.2, huongeza 1, 2 au 3 kwa hali ya tezi, kisha huongeza daraja. Kwa uvimbe wa sentimita 3 wa daraja la 2, tezi zikiwa safi, jumla ni 3.6, tezi nne au zaidi zikiwa na saratani, jumla ni 5.6, na kadiri namba inavyopanda ndivyo matarajio yanavyopungua. Unaona mwenyewe kwamba kwapa la dada lina uzito mkubwa katika hesabu hiyo, na hilo linaweza kuanza kuchunguzwa wiki hii kwa ultrasaundi.

Lipo jambo moja linaloweza kubadilisha mpangilio huu. Ikiwa madaktari, wawe wa hapa Dodoma au wa taasisi ya saratani ya Ocean Road kule Dar es Salaam, wataamua aanze dawa za drip za saratani kabla ya upasuaji, basi kinyama hiki kidogo kitakuwa ndiyo tishu pekee ya uvimbe ambayo haijaguswa na dawa, kwa maana dawa hizo hubadilisha viini na kupunguza mitosisi kiasi kwamba daraja linalosomwa baadaye halieleweki tena kwa namna ya kawaida. Hapo, na hapo tu, kuomba jicho la pili kabla ya kuanza kuna maana. Kupitia daktari wake, ombeni bloku ya nta iliyohifadhi kinyama na slaidi, si karatasi ya majibu peke yake, vipelekwe kwa daktari mwingine wa patholojia, na barua iseme wazi kwamba mnaomba mitosisi zihesabiwe upya na ieleze kinyama kilikaa muda gani kabla ya kuingia kwenye fomalini. Kijana wenu naye, kama anataka kupima viini vya slaidi hizo kwa programu yake, aombe ruhusa ya hospitali, apige picha kwa hadubini iliyosahihishwa, na aanze kwa kupima viini vya mrija wa kawaida kabla ya kugusa vya saratani.